Umemeza Kidonge cha Nguvu: Bia Ngapi?

Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni, wateja wangu nawajua kwa namna wanavyoingia dukani. Mwenye homa huja moja kwa moja kaunta. Mama mwenye mtoto huanza kueleza kabla hajafika. Mwanaume anayetaka kidonge cha nguvu husimama kwanza kwenye rafu ya dawa za meno, akasoma boksi ambalo hana haja nalo, akangoja duka libaki tupu, ndipo anasogea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Dokta, ile ya buluu ipo?" Naanza kumpa maelezo, anaitikia harakaharaka, anaficha pakiti kiganjani, na akiwa ameshageukia mlango ndipo swali lenyewe linamtoka: "Na bia je, naweza kunywa?"

Namheshimu sana anayeuliza, maana wengi hawaulizi. Wanakwenda kujaribu wenyewe.

Jibu langu ni hili. Ukiwa na moyo mzima, presha nzuri, na hutumii dawa nyingine, chupa moja ya bia pamoja na kidonge kimoja kwa kawaida haileti balaa. Kwenye ya pili unaanza kupiga hesabu. Kuanzia ya tatu umenunua kidonge ili pombe ikizime, na umejitafutia kizunguzungu juu yake. Na wapo wanaume ambao hata kidonge chenyewe, bila tone la pombe, hakiwafai. Nao nitawafikia, kwa sababu hao ndio wanaoninyima usingizi.

Tuanze na kidonge kinavyofanya kazi, maana ukilielewa hilo mengine yote yanajieleza. Mwanaume akisisimka, neva za uume hutoa naitriki oksaidi, gesi inayoamuru misuli ya mishipa ya damu ilegee. Mishipa inatanuka, damu inajaa, uume unasimama. Mwilini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuufuta ujumbe huo. Sildenafil, tadalafil na vardenafil hukizuia kimeng'enya hicho, ujumbe ukakaa muda mrefu zaidi. Basi. Kidonge hakitengenezi hamu, na kwa mtu ambaye hajasisimka hakisimamishi kitu.

Hii ni dawa ya mishipa ya damu, na watu wengi wanalisahau hilo. Sildenafil ilianza kutafitiwa na kampuni ya Pfizer huko Sandwich, Uingereza, kama dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Faida yake nyingine ilionekana njiani, na Machi 1998 Marekani ikairuhusu kwa ajili ya nguvu za kiume. Haiendi sehemu moja tu ya mwili. Ndiyo maana ukiimeza unaweza kuumwa kichwa, uso ukapata joto, pua ikaziba. Kwa mtu mwenye afya hushusha presha kidogo, kama pointi 8 kwa ile namba ya juu na 5 kwa ya chini, na wengi hawahisi chochote.

Sasa ingiza pombe. Nayo hutanua mishipa. Nayo hukufanya ukojoe zaidi ya kawaida. Ongeza joto la Dar es Salaam la Februari, jasho, na kukaa kwenye kiti cha plastiki saa tatu bila kuinuka. Ukisimama ghafla, damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Jirani yetu mmoja, dereva wa lori wa miaka hamsini na kitu, yalimkuta hivyohivyo. Alikuwa amemeza tadalafil Ijumaa usiku. Jumamosi mchana akaketi na wenzake kwenye nyama choma, bia nne. Akainuka kwenda msalani, akapiga hatua mbili, akaanguka uso ukagonga ukingo wa saruji. Wenzake walicheka wakidhani kalewa. Hakuwa mlevi wa bia nne, wanamfahamu. Nyuzi tano juu ya jicho, na mpaka leo hawajui kilichomwangusha, kwa sababu aliona aibu kuwaambia. Kwangu alisema kwa sababu alikuja kuuliza kama arudie dozi.

Hapo kuna somo la kwanza: jua umemeza ipi. Sildenafil hupungua kwa nusu mwilini kila baada ya saa nne hivi, kwa hiyo ya jioni asubuhi imekwisha kwa sehemu kubwa. Tadalafil ni kitu kingine. Hupungua kwa nusu kwa saa 17 na nusu, na kazi yake hufika hadi saa 36. Ukiimeza Ijumaa saa tatu usiku, bado unayo Jumapili asubuhi. Anayemeza ile ndogo ya kila siku, miligramu 5, anayo wakati wote. Soma jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kwani majina ya biashara ni mengi na rangi hazina maana. Buluu siku hizi hupakwa kila kitu.

La pili, hesabu pombe kwa gramu, usihesabu kwa chupa wala kwa jinsi unavyojisikia. Bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina mililita 25 za pombe tupu, ambazo ni karibu gramu 20. Maelezo ya dawa ya tadalafil yanaonya juu ya pombe kuanzia yuniti 5 kwa pamoja: mapigo ya moyo kwenda mbio, presha kushuka ukisimama, kizunguzungu, kichwa kuuma. Ukihesabu kwa yuniti ya Waingereza, moja ni gramu 8. Tano mara nane, arobaini. Gramu 40 ni bia mbili za nusu lita! Mteja wangu husikia "pombe nyingi" akawaza kreti, kumbe onyo linaanza kwenye chupa ya pili. Kwa vinywaji vikali mambo ni mabaya zaidi. Kichupa cha mililita 200 chenye asilimia 35, kile kinachoingia mfuko wa suruali, kina gramu 55. Kabla hujakimaliza umeshavuka. Glasi ya kawaida ya mvinyo ina gramu 15 hivi.

Sitaki kukutisha kuliko ukweli wenyewe. Kabla sildenafil haijaenda sokoni, wanaume wenye afya walipewa miligramu 50 pamoja na pombe hadi ikafika asilimia 0.08 katika damu, na presha yao haikushuka zaidi ya ilivyoshushwa na pombe peke yake. Hivyo bia moja na kidonge si sumu. Ila wale walikuwa wazima, wamechunguzwa, daktari yuko pembeni na dozi inajulikana. Wewe uko baa.

Kwenye mnazi, mbege, busaa na ulanzi sina hesabu ya kukupa, na hakuna mwenye nayo, kwa sababu hakuna asilimia iliyoandikwa kwenye kata. Mnazi wa asubuhi ni mtamu na mpole. Huohuo jioni umeshachachuka na kupanda. Ukiwa na kidonge mwilini, chukulia pombe ya kienyeji kuwa kali kuliko unavyodhani, au iache siku hiyo. Gongo na chang'aa usiguse kabisa. Humo inaweza kuwamo methanoli, inayopofusha na kuua. Na kuna jambo la kuliangalia sana: sildenafil huweza kumfanya mtu aone vitu vikiwa na rangi ya buluu au mwanga ukiwa mkali kwa muda. Aliyekunywa gongo macho yakaingia ukungu anaweza kujiambia "ni kile kidonge tu" akalala. Asilale. Apelekwe hospitali usiku uleule.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote halihusu pombe yenyewe. Linahusu nyama. Mtu anakula nyama choma, chipsi mayai, supu yenye mafuta yanayoelea juu, kisha anameza sildenafil. Chakula cha mafuta huichelewesha dawa hiyo kwa karibu saa nzima. Dakika arobaini zinapita, kimya. Bia zimeshamwondolea subira. Anameza cha pili. Saa moja baadaye vyote viwili vinapanda pamoja, juu ya bia tatu. Huyo ndiye anayeletwa kichwa kinapasuka, anatapika, hawezi kusimama. Kidonge ni kimoja kwa saa 24, hata kama unaona hakijafanya kitu. Kikishindwa leo, kilichoshindwa mara nyingi ni muda, chakula au pombe, na kuongeza cha pili hakurekebishi hata kimoja kati ya hivyo.

Mpango ninaowaandikia wateja nyuma ya risiti ni huu. Mara ya kwanza ya maisha yako kutumia dawa hii, usinywe pombe kabisa. Uijue inavyokuchukua wewe mwenyewe kwanza, ili siku nyingine ukipata kizunguzungu ujue kimetoka wapi. Baada ya hapo, kama una shughuli na utakunywa, kula mapema na kula chepesi: wali na samaki, ugali na mboga, si mafuta. Kunywa bia yako moja polepole pamoja na chakula, na bilauri nzima ya maji kabla yake na nyingine baada yake. Mwili wako huondoa kama gramu 7 hadi 10 za pombe kwa saa, kwa hiyo chupa moja ya nusu lita huchukua saa mbili hadi tatu kuisha. Ukiweza, ipe saa hizo. Sildenafil meza dakika 30 hadi 60 kabla ya tendo, kwa maji, si kwa bia. Ukishaimeza, funga hesabu ya pombe. Amua idadi kabla hujatoka nyumbani, mwambie na rafiki yako, maana anayeamua baada ya chupa ya pili si wewe tena.

Na usichanganye na vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo. Kafeini inakufichia ulevi wako. Unajiona mzima, unaagiza nyingine, na moyo unakwenda mbio. Juisi ya balungi pia iache, kwani huzuia ukuta wa utumbo kuichakata sildenafil na kiwango chake katika damu huweza kupanda.

Nikiwa na nafasi huongeza neno juu ya vumbi la Kongo, mizizi iliyolowekwa kwenye pombe kali, na asali za nguvu zinazouzwa bila kibandiko. Sizibezi dawa za asili. Bibi yangu alinilea nazo. Lakini mamlaka za dawa duniani, ya Marekani ikiwemo, zimekamata mara nyingi bidhaa zinazoitwa za asili ambazo ndani yake mna sildenafil au tadalafil iliyofichwa, na kiasi chake hakijulikani. Ukiona unga "wa mizizi" unafanya kazi kwa nusu saa, kichwa kikakuuma na pua ikaziba, tayari una jibu. Ukiongeza na kidonge juu yake, umemeza viwili. Vivyo hivyo kidonge cha mojamoja anachokutolea mhudumu wa baa kwenye kikopo, bila boksi, bila tarehe, bila jina. Hiki kinanikasirisha, nasema wazi. Ni dawa ya cheti, na anayeiuza gizani hatakuwepo ukianguka.

Sasa wale wasiotakiwa kuimeza. Wa kwanza ni anayetumia dawa za moyo za kundi la naitreti: ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, au isosorbide. Naitreti na kidonge hiki vikikutana presha huporomoka, na watu wamekufa hivyo. Hakuna kipimo salama hapo, na pombe huzidisha tu. Vilevile vichupa vya kunusa vinavyoitwa "poppers" vina hatari hiyohiyo.

Wa pili ni mzee anayetumia dawa ya tezi dume kama tamsulosin, au dawa ya presha kama doxazosin au prazosin. Huyu anaweza kuruhusiwa na daktari, kwa dozi ndogo ya kuanzia, lakini akiongeza bia anakuwa na vitu vitatu vinavyotanua mishipa yake kwa pamoja. Kwake nasema bila kuzunguka: mzee wangu, siku ya kidonge si siku ya pombe.

Wa tatu ni anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonavir, ambazo wengi huzipata kwenye mstari wa pili wa tiba. Ritonavir huzuia ini kuivunja sildenafil, na kiwango cha dawa katika damu hupanda hadi mara kumi na moja. Kwa mtu huyo kikomo ni miligramu 25 kwa saa 48, tena kwa kauli ya daktari. Anayemeza ile ya 100 kwa sababu rafiki yake humeza 100 anajidhuru bila kujua. Walio kwenye dolutegravir hawana mgongano huo. Najua ni vigumu kuitaja dawa hiyo mbele ya kaunta yenye foleni. Andika jina lake kwenye simu, unionyeshe mimi peke yangu. Sitalisoma kwa sauti.

Wengine ni waliopata kiharusi au shambulio la moyo miezi ya karibuni, wenye ini bovu, na wenye selimundu, ambao uume unaweza kusimama usishuke. Hawa waanzie kwa daktari.

Usiku wenyewe, mambo ni ya kawaida ila yanaokoa. Ukiamka kwenda chooni, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu hadi thelathini, ndipo usimame. Kizunguzungu kikija, usijikaze kiume: lala chini palepale, inua miguu juu ya mto au kiti, unywe maji kidogokidogo. Usiendeshe gari, na usipande bodaboda ukiwa hivyo. Ukizimia, aliye nawe akulaze kwa ubavu. Uume ukisimama zaidi ya saa nne na kuuma, nenda hospitali hata kama ni saa kumi usiku na umevaa kanga; ukichelewa, misuli ya ndani huharibika na huenda usisimame tena. Jicho likizima au sikio likiziba ghafla, hospitali pia, na kidonge kisirudiwe.

Kifua kikibana, acha tendo mara moja. Nenda hospitali na useme, hata kama mama mkwe yuko pembeni: "Nimemeza sildenafil saa tatu usiku." Jambo la kwanza analoweza kulifikiria mhudumu kwa kifua kinachobana ni naitreti. Ukimwambia, atatumia njia nyingine. Ukinyamaza kwa aibu, anaweza kukupa yenye kukuangusha. Naitreti haipewi ndani ya saa 24 baada ya sildenafil, na saa 48 baada ya tadalafil. Kwa hiyo aliye nawe kitandani lazima ajue umemeza nini na saa ngapi. Wanaume wengi huficha kidonge kwa mke kuliko wanavyoficha mshahara. Anayefichwa ndiye atakayeulizwa maswali na daktari.

Niseme na hili, maana nisipolisema hapa nitalisema wapi. Wengi wanaokuja Ijumaa hawana tatizo ambalo pombe haikulileta. Pombe hulegeza neva, hupoza hamu, na kwa anayekunywa kila siku kwa miaka hushusha homoni za kiume na kuharibu ini. Kidonge hufungua bomba huku chini, lakini tanki liko kichwani, na pombe imelimwaga maji. Kama jogoo anawika vizuri asubuhi ya siku usizokunywa, jaribu wiki nne bila pombe kabla hujanunua pakiti nyingine. Ila kama umekuwa ukinywa kila siku na mikono inatetemeka ukikosa, usiache ghafla peke yako. Mwone daktari akusaidie kushuka taratibu. Na kama hawiki hata ukiwa hujanywa, pima sukari na presha wiki hii. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, na inapoanza kuziba huonyesha mapema. Nimewahi kumpima sukari mteja aliyekuja kununua kidonge tu, ikasoma 17. Aliondoka na barua ya kwenda hospitali badala ya pakiti.

Mwezi uliopita, Jumamosi mchana, aliingia mama mmoja na boksi mkononi. Hakupitia rafu ya dawa za meno. Aliliweka kaunta: "Dokta, mzee wangu amemeza hiki jana saa nne usiku. Leo tuna harusi ya mtoto wa kaka yake, na kule kuna bia kuanzia saa kumi na mbili jioni. Nimnyang'anye glasi mbele za watu?"

Nikasoma: tadalafil, miligramu 20. Nikamuuliza kuhusu moyo, presha, dawa nyingine, hakuna. Tukahesabu pamoja kwa vidole: kazi ya kidonge hadi kesho saa nne asubuhi, na naitreti isiguswe hadi kesho saa nne usiku. Nikamwambia bia moja, na chakula, na maji mezani, na gari aendeshe mtu mwingine. Nikachukua kalamu nikaandika juu ya boksi: "Imemezwa Ijumaa saa 4 usiku." Nikamwambia likae kwenye mkoba wake, na kifua kikimbana alitoe hilo kwanza kabla hajaeleza kitu kingine.

Alilisoma, akalitia kwenye mkoba, akafunga zipu. "Basi," akasema, "nitakaa naye meza moja."